Filamu za Kutisha Zinazochekesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila filamu hizi zinapotajwa, maswali ni yale yale. Nimeyapa namba ili jibu likishatolewa mahali pamoja nisilirudie pengine. Panapofichuliwa mwisho wa filamu nimetoa onyo kabla.

## Kwanza tuelewane

1. Filamu ya kutisha inayochekesha ni ipi hasa? Mbona karibu kila filamu ya kutisha ina utani ndani yake?

Utani wa hapa na pale upo kwingi, maana mtazamaji akibanwa saa nzima bila kupumua huchoka, na akishachoka haogopi tena. Tunazozungumzia hapa ni filamu ambazo ukiziondolea vitisho hadithi inakufa, na ukiziondolea kicheko inakufa vilevile.

Mimi nina kipimo kimoja: hatari iliyomo ni ya kweli? Mtu akiumwa na zombi, atageuka kweli? Kama atageuka, na bado umecheka, basi hiyo ndiyo yenyewe. Katika filamu nzuri za aina hii mzimu hafanyi utani. Mzimu yuko kazini. Wanaochekesha ni binadamu: waoga, wabishi, watu wanaogombania nani atangulie mlangoni wakati kitu kinapanda ngazi.

2. Basi hata Scary Movie imo?

Imo pembeni. Scary Movie ya Keenen Ivory Wayans (2000) ni filamu ya kukejeli filamu nyingine, hasa Scream ya Wes Craven (1996). Ndani yake hakuna kinachokusudiwa kukutisha, na kama hukuiona Scream, nusu ya utani inakupita. Cha kuchekesha zaidi ni kwamba Scream yenyewe, kabla haijapewa jina hilo, ilikuwa ikiitwa Scary Movie.

Siidharau. Ila mtu akiniomba filamu ya kutisha na kuchekesha, siyo ninayompa.

3. Huu ni mtindo wa juzi?

Hapana, ni wa tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Ukitaka mahali pa kushika, shika mwaka 1948, Abbott and Costello Meet Frankenstein. Wachekeshaji wawili maarufu wa Marekani wanakutana na mazimwi ya studio ya Universal, na Dracula anachezwa na Bela Lugosi, mtu yule yule aliyemcheza mwaka 1931. Lugosi hakulegeza hata ukope. Anazungumza kwa heshima na ubaridi ule ule wa zamani, huku Costello akitetemeka na kukosa sauti mbele yake. Kile nilichosema katika swali la 1 kuhusu mzimu kuwa kazini kiliishaeleweka wakati huo.

Mwaka 1974 Mel Brooks alitengeneza Young Frankenstein kwa picha nyeusi na nyeupe, akatumia hata mitambo ya maabara ya filamu ya Frankenstein ya 1931 iliyokuwa bado imehifadhiwa. Dhihaka ni dhihaka, lakini unaona anaipenda kazi anayoitania.

4. Nacheka pale ambapo wenzangu wanapiga kelele. Nina tatizo?

Huna. Anayetisha na anayechekesha wanafanya kazi moja: anakuaminisha kuna kitu kinakuja, anakuchelewesha, halafu anakileta kwa upande usioutazama. Pumzi uliyoibana lazima itoke. Kwa mwingine inatoka kwa ukelele, kwako kwa kicheko. Ndiyo maana waongozaji kadhaa wazuri wa vitisho wana asili ya uchekeshaji. Jordan Peele alijulikana kwanza kwa vichekesho vya runinga, na Sam Raimi amekuwa mpenzi wa Three Stooges, wale wa kuchapana makofi na kugongana vichwa.

Na anayeshangaa kifo na kicheko kukaa nyumba moja hajawahi kuwaona watani msibani. Watu wanalia, jeneza liko njiani, mtani anateremka kaburini na kulala chali, anasema hatoki mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna aliyesema marehemu hakuheshimiwa.

## Nianzie wapi?

5. Sijaona hata moja. Nianze na ipi?

Shaun of the Dead (2004), ya Edgar Wright, akiigiza Simon Pegg pamoja na Nick Frost. Shaun ni muuza duka wa London, miaka ishirini na tisa, ameachwa na mpenzi wake, na suluhisho lake la kila jambo ni kwenda baa.

Itazame kwa ajili ya kipande kimoja tu. Mwanzoni Shaun anatoka nyumbani asubuhi na uchovu wake kwenda duka la jirani, kamera ikimfuata bila kukatika: anavuka barabara, anajikwaa, anafungua friji ya soda, anarudi. Baadaye anakwenda tena, njia ile ile, kamera vilevile, isipokuwa usiku wa kuamkia siku hiyo dunia imeharibika. Gari limevunjwa vioo, watu wanajikokota, na kwenye mlango wa friji kuna alama za viganja vya damu. Anateleza kwenye damu sakafuni. Haoni kitu. Anachukua soda yake, anarudi zake.

Unacheka, kisha unajiuliza: mara ya kwanza wale majirani walikuwa na tofauti gani na mazombi? Filamu haikuelezi. Inakuachia. Na ukifika nusu ya pili, jitayarishe, kwa sababu kuna kifo kimoja pale ambacho hakina utani hata chembe.

6. Mimi ni mwoga kabisa. Ipo nitakayoimaliza bila kuzima?

What We Do in the Shadows (2014), ya Taika Waititi na Jemaine Clement. Wanyonya damu wanne wamepanga nyumba moja mjini Wellington, New Zealand, na ugomvi wao mkubwa ni zamu ya kuosha vyombo. Mmoja wao hajaosha kwa miaka mitano. Yeyote aliyewahi kuchangia chumba na wenzake atawaelewa kuliko atakavyowaogopa. Baadaye ilizaa tamthilia ya runinga yenye jina hilo hilo, iliyoanza mwaka 2019.

Ghostbusters (1984) pia haitakunyima usingizi, labda ukiondoa yule mzimu wa maktaba mwanzoni.

7. Mimi si mwoga. Nataka damu.

Evil Dead II (1987), ya Sam Raimi. Bruce Campbell yuko kwenye kibanda msituni, na mkono wake wa kulia umeingiwa na pepo. Mkono unamvunjia sahani kichwani, unamkamata nywele, unambamiza kwenye sinki. Mtu anapigana na mwili wake mwenyewe, na Campbell anaifanya peke yake kwa mtindo wa wachekeshaji wa zamani. Mwisho anaukata kwa msumeno wa mashine, anaufunika kwa ndoo, na juu ya ndoo anaweka vitabu ili usitoke. Kitabu cha juu kabisa ni A Farewell to Arms cha Hemingway. Kwa Kiingereza jina hilo linasomeka kuaga silaha, lakini pia kuaga mikono. Kamera inakionyesha, inaendelea na safari.

Ukiimaliza hiyo na bado una njaa, kuna Braindead (1992), ambayo Peter Jackson aliitengeneza kwao New Zealand miaka karibu kumi kabla ya The Lord of the Rings. Mwishoni kijana anaingia kwenye ukumbi uliojaa mazombi akiwa ameinua mashine ya kukatia majani mbele ya kifua. Usile wakati huo.

8. Nimeanza One Cut of the Dead, nimefika dakika ya ishirini na ni mbovu. Niache?

Usiache! Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu huwa fupi kwa makusudi. Ni filamu ya Japani ya mwaka 2017, mwongozaji Shinichiro Ueda. Dakika 37 za kwanza zimepigwa kwa kipande kimoja kisichokatwa, na ndani yake kuna ukimya wa ajabu, mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu, na mtu anayetoka nje bila sababu. Yatazame mambo hayo vizuri, na uyakumbuke.

Zaidi ya hapo nitakuharibia. Niseme tu kwamba ilitengenezwa kwa kama yeni milioni tatu, fedha isiyotosha chochote katika biashara ya filamu, ikaingiza zaidi ya yeni bilioni tatu Japani. Wasiotaka kusubiri dakika 37 wameikosa filamu yenye furaha kuliko zote katika ukurasa huu.

## Za Asia, na za kwetu

9. Za Kihindi zipo?

Zipo, na kwa sisi tuliokua na filamu za Kihindi huko ndiko kwa kuanzia, maana tumeshazoea filamu moja kuwa na machozi, ngoma, mapigano na mapenzi. Kuongeza mzimu si kazi.

Bhool Bhulaiyaa (2007) inajulikana zaidi. Akshay Kumar ni daktari wa akili anayeletwa kwenye jumba la kifalme linalosemekana lina mzimu wa mcheza ngoma. Wenyeji wa filamu za kusini mwa India watakukumbusha kwamba hadithi yenyewe imetoka Manichitrathazhu, filamu ya Kimalayalam ya mwaka 1993, na ukiziona zote mbili nadhani utakubaliana nao kwamba ya zamani ni kali zaidi. Lakini Vidya Balan anavyobadilika sura katika ile ya Kihindi, hapo sina la kusema.

Ninayoipenda mimi ni Stree (2018), ya Amar Kaushik. Katika mji wa Chanderi, kila msimu wa sikukuu, mzimu wa mwanamke huja usiku na kuchukua wanaume. Zinabaki nguo tu. Basi wanaume ndio wanaojifungia ndani jioni. Mume anambembeleza mkewe asimwache peke yake, na kijana akitoka usiku anaambiwa asitembee bila kusindikizwa. Mageuzi hayo hayahitaji hotuba, kila mwanamke ukumbini ameshaelewa. Kwenye kuta za nyumba wameandika maneno ya kumwambia mzimu arudi kesho. Naye, kwa kuwa ni mzimu mwenye adabu na anajua kusoma, anarudi kesho, anasoma tena, anaondoka. Maandishi hayo yanatokana na kisa halisi cha mitaani huko Karnataka, ambako watu waliandika milangoni maneno ya namna hiyo hiyo.

10. Zile za maiti wanaorukaruka na karatasi usoni zinaitwaje?

Uliyoiona inawezekana ni Mr. Vampire (1985) ya Hong Kong, au mojawapo ya nyingi zilizoiiga. Maiti amekakamaa kwa hiyo hawezi kutembea, anaruka miguu pamoja mikono mbele. Anakutafuta kwa pumzi yako: ukizuia pumzi hakuoni. Karatasi ya njano yenye maandishi ikibandikwa kwenye paji la uso, anasimama. Lam Ching-ying ni mganga asiyecheka kamwe, naye ana wanafunzi wawili mafala.

Mmoja wa wanafunzi anajeruhiwa na maiti, na dawa ni mchele wa kunata. Mwenzake anatumwa dukani. Mwenye duka anachanganya mchele wa kunata na mchele wa kawaida apate faida, na dawa haifanyi kazi ipasavyo. Maiti anaruka mitaani, watu wanakufa, na bado kuna mtu anachakachua mchele. Hapo niliamini kila kitu kilichomo katika filamu hiyo.

11. Na za Kiswahili?

Vitisho tunavyo: Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliwanyima watu usingizi Dar es Salaam. Vichekesho ndiyo usiseme. Zilizounganisha hivi viwili kwa kukusudia, na kwa ustadi, ni chache. Mara nyingi kicheko kimekuja bila kualikwa, jini likitokea na kitambaa cheupe kinachoonyesha soksi za mwigizaji.

Mkenya wetu Lupita Nyong'o alicheza Little Monsters (2019), ya Australia. Ni mwalimu wa chekechea aliyepeleka watoto ziara ya shamba, mazombi wakavamia, naye anawaambia watoto ni mchezo. Anarudi kutoka kuua mazombi, gauni lake la njano limeloa damu, anawaeleza watoto ni jamu. Kwa hiyo filamu nzima inabebwa na mtu anayeficha hofu ili wengine wasiogope. (Matusi ni mengi. Si ya watoto, pamoja na kuwa imejaa watoto.)

12. Ni kweli Get Out ina wimbo wa Kiswahili?

Ni kweli, filamu hiyo ya Jordan Peele (2017) inao, na ni zawadi kwetu peke yetu. Unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels, unasikika mwanzoni majina yakipita, na sauti zake zinarudi baadaye. Sauti zinanong'ona zikimwambia ndugu awasikilize wahenga, akimbie. Mtazamaji wa Marekani anasikia minong'ono ya kutisha asiyoielewa. Wewe wa Mombasa au Bujumbura umeshaambiwa filamu yote kabla haijaanza.

Mwenye lugha atasema tungesema "wasikilize wahenga". Sawa. Lakini fikiria kijana mweusi wa filamu hiyo kwenye kiti chake akiambiwa wazi akimbie, kwa lugha ambayo babu zake walinyang'anywa nafasi ya kumfundisha. Kosa la sarufi halinisumbui. Na anayemcheza kijana huyo, Daniel Kaluuya, ni Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda.

13. Lakini Get Out ni ya kuchekesha?

Ugomvi huu ulianza mwaka 2017, filamu ilipowekwa katika kundi la vichekesho kwenye tuzo za Golden Globe. Watu walikasirika, na Peele mwenyewe akajibu kwa utani mchungu kwamba filamu yake ni ya matukio ya kweli. Baadaye alishinda Oscar ya mswada halisi, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata.

Kwa kipimo cha swali la 1, mimi naiweka ndani lakini karibu na mlango. Kuna Rod, rafiki anayefanya kazi ya ulinzi uwanja wa ndege, na kila anachokisema kinachekesha. Tatizo ni kwamba kila anachokisema pia ni kweli.

## Kutazama na wenzako

14. Naweza kuwawekea watoto?

Inategemea watoto, na inategemea nani ataamshwa saa nane usiku. Hotel Transylvania (2012) haina shida. Gremlins ya Joe Dante (1984) inawadanganya wazazi wengi: kinyama kizuri chenye manyoya, Krismasi, theluji. Kisha kinyama hicho kinazaa mazimwi, na mama mwenye nyumba anamsaga mmoja wao kwenye mashine ya jikoni. Malalamiko juu ya filamu hiyo na ya Indiana Jones ya mwaka huo ndiyo yaliyofanya Marekani iongeze daraja jipya la umri, PG-13, Julai 1984.

Tahadhari ya pili kuhusu Gremlins: kuna msichana anayesimulia kwa nini haipendi Krismasi, na katika simulizi hiyo anawaambia wasikilizaji habari za Baba Krismasi ambazo huenda mtoto wako hajazijua.

15. Nitazame ya lugha yenyewe au iliyotafsiriwa na DJ?

Kwa filamu ya kawaida ya kutisha, DJ ataigeuza komedi atake asitake. Tuliokaa kwenye benchi la kibanda umiza tunajua: zombi anatokea, Lufufu au DJ Afro anampa jina la mtaani na deni la kodi ya nyumba, na hofu inaisha hapo. Ni sanaa kamili.

Kwa filamu ambazo tayari zinachekesha, napendelea sauti ya lugha yenyewe na manukuu chini. Kicheko cha filamu hizo kinategemea kunyamaza kwa sekunde mbili, na DJ mzuri hawezi kunyamaza sekunde mbili.

16. Peke yangu au na watu?

Na watu. Sababu iko swali la 4.

## Maswali ya pembeni

17. Kwa nini mtu mweusi hufa wa kwanza?

Watu wamelalamika kwa miongo, na The Blackening ya Tim Story ikalifanya lalamiko hilo kuwa hadithi: marafiki wote ni weusi, na bango la filamu linasema hawawezi kufa wote wa kwanza. Muuaji anawataka wamtoe aliye mweusi kuliko wote, nao wanaanza kubishana kila mmoja akithibitisha yeye si mweusi kiasi hicho. Nilicheka mpaka nikaona aibu.

18. Kuangalia mizimu kwa utani hakuleti mambo nyumbani?

Kwa imani yako siingilii. Kama moyo unakataa, usiangalie. Ila utani na hofu hii havikuanza na runinga. Mwaka 1995 Pemba na Unguja walipata hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana huwavamia watu usiku, watu wakilala nje kwa makundi kuzunguka moto. Hofu ilikuwa ya kweli kabisa, na utani juu ya Popobawa ukaenea nao, unasikika mpaka leo. Waliolala nje hawakuona kinyume chochote kati ya hivyo viwili.

19. Katika filamu hizi, ni kweli staringi hafi?

Onyo: jibu hili linafichua mwisho wa An American Werewolf in London (1981), ya John Landis. Ruka kama hujaiona.

Staringi anakufa. David ni Mmarekani kijana aliyeumwa na mnyama kwenye nyika za Uingereza; rafiki yake Jack aliuawa pale pale. Jack anamrudia kama maiti, mchangamfu, anaongea huku nyama za shingo zikining'inia, na kila akija ameoza zaidi. Anamsihi David ajiue kabla hajaua wengine. Mazungumzo ni ya maskani tu, marafiki wawili wanataniana. Kugeuka kwa David kunafanyika chumbani, taa zote zinawaka, mifupa ikirefuka mbele ya macho yako, na kwenye muziki wa filamu Sam Cooke anaimba kwa upole. Rick Baker aliyetengeneza miili hiyo alipata Oscar ya kwanza kabisa katika kundi la upodoaji. Michael Jackson alipoiona aliwaita Landis na Baker wamtengenezee Thriller, kwa hiyo hata kama hujaiona, umeshaona mtoto wake.

Mwisho, David yuko uchochoroni kwa umbo la mnyama. Mpenzi wake anamsogelea, anamwambia anampenda. Risasi zinalia. Mwili wa kijana uko chini, uchi, msichana analia, na kabla hujavuta pumzi picha inakatika na unalipuka wimbo wa "Blue Moon" wa The Marcels, wa kuchezea dansi, bom-bom nyingi, majina yanaanza kupita. Nimeiona mara nne na bado nikifika hapo sijui nifanye nini na uso wangu.